Mshipa Mwembamba Kama Uzi wa Gunia

Mfupa ukikaa nje siku nyingi hubadilika rangi. Siku ya kwanza, daktari akishausafisha, huwa mweupe wa maziwa wenye vitone vya damu. Wiki ya kwanza ikipita huanza kuingia unjano. Kufikia wiki ya tatu umekauka, na ukiugusa kwa koleo unasikia mlio wa kitu kilichokwisha kufa. Nimefunga vidonda vya namna hiyo kwa miaka 11 katika wodi ya upasuaji hapa Mtwara, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliamini kazi yangu ni kufunga tu, kila asubuhi gozi mpya na maji ya chumvi, mpaka kidonda kiote nyama au mguu ukatwe.

Kijana ninayetaka kuwasimulia ndiye aliyenitoa kwenye imani hiyo. Yeye na mama yake wameniruhusu kuandika, mradi nisitaje jina.

Aliletwa mwezi wa Novemba. Wanaoishi huku Kusini wanajua Novemba ni nini: minada ya korosho imepamba moto, fedha imeingia vijijini, na bodaboda hazilali. Alikuwa anatoka upande wa Nanyamba na gunia nyuma, jioni giza likishaingia, akakutana na pikipiki nyingine isiyo na taa. Muundi wa mguu wa kulia ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Ngozi ya upande wa ndani ilikuwa imechanika na kubanduka, mfupa uko nje, mchanga umejaa. Usiku uleule alipewa dawa za kuzuia maambukizi kwenye mshipa, akaingizwa thieta, kidonda kikaoshwa kwa lita nyingi za maji, nyama zilizokufa zikaondolewa, na mfupa ukashikizwa kwa vyuma vya nje. Kazi nzuri. Asubuhi ndugu waliviona vile vyuma vinang'aa wakashukuru Mungu, wakadhani kubwa limekwisha.

Kubwa lilikuwa halijaanza. Shika muundi wako hapohapo ulipoketi. Nyuma, juu, una shavu la mguu lenye nyama ya kutosha. Teremsha mkono taratibu kuelekea kifundo: nyama inapungua, inakuwa kano, na mbele ni ngozi kisha mfupa, basi. Theluthi ile ya chini ya mguu haina akiba. Ikipoteza ngozi, hakuna msuli wa jirani wa kuuvuta uje uzibe.

Watu wengi huuliza kwa nini tusichukue ngozi ya paja tukabandika. Kwa kidonda chenye nyama hai chini yake, hilo hufanyika na hufaulu. Mimi huwaeleza kwa mkorosho. Kule Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, wanabebesha miche: kikonyo kinachukuliwa kutoka mti mzuri, kinafungwa juu ya mche wenye mizizi. Kikonyo hakina mizizi yake. Kinaishi kwa sababu mche ulio chini unakipa maji. Ngozi ya kupandikiza ni kikonyo. Ukiiweka juu ya nyama hai, itanyonya na kushika. Ukiiweka juu ya mfupa uliovuliwa ule utando wake mwembamba, au juu ya kano tupu, au juu ya chuma, ni sawa na kubebesha kikonyo juu ya jiwe. Baada ya siku chache utaikuta imejikunja kama ganda la kitunguu.

Mahali hapo panataka ngozi inayokuja na damu yake yenyewe. Wapasuaji huiita flapu: kipande cha ngozi na mafuta ya chini yake kinachohamishwa bila kukatwa kwenye mshipa unaokilisha. Fikiria mmea wa mboga ya maboga. Unaweza kuinua tawi lake kutoka upande huu wa uzio ukalilaza upande wa pili, na litaendelea kuchanua, almradi shina hujaling'oa.

Kabla ya kijana huyu nilimjua mama lishe mmoja aliyeumia mahali hapohapo. Alilala wiki 6 katika hospitali nyingine, ambayo siitaji, akibadilishiwa gozi. Kila mtu alikuwa mwema kwake. Hakuna aliyemdharau wala kumtoza isivyo halali. Lakini hakuna aliyesema siku ya kwanza kwamba mfupa ule unahitaji kufunikwa, na rufaa ilipoandikwa mfupa ulikuwa umeshakufa na usaha umeingia ndani. Mguu ulikatwa chini ya goti. Alinipigia simu akaniuliza, "Sista, kwani vyuma si viliwekwa vizuri?" Viliwekwa vizuri sana. Swali lake limekaa nami miaka yote hii, na nalisema wazi kwa wenzangu wa kazi: tunajivunia vyuma, tunaipiga picha ya eksirei tukafurahi mfupa umenyooka, na ngozi tunaiacha iamue yenyewe. Ngozi ikiamua vibaya, mfupa ulionyooka unakwenda na mguu wake.

Bahati ya kijana wa Nanyamba ni kwamba wiki ileile kulikuwa na daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile aliyekuja kutoka Dar es Salaam kwa siku 6. Alipita wodini asubuhi, akainama juu ya kidonda muda mrefu bila kusema. Kisha akatoa mfukoni kidude chenye ncha kama kalamu, akapaka jeli kidogo, akakigusisha kwenye ngozi isiyoumia iliyo juu ya kidonda. Kikaanza kutoa sauti: shuu, shuu, shuu. Wodi nzima ikanyamaza.

Ile ni dopla. Wakunga wanayo ya kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, lakini ile hutafuta mbali, kina kirefu. Hii ya kalamu ni ya megahezi 8, inasikiliza mishipa iliyo karibu na ngozi. Kila aliposikia sauti aliweka nukta kwa peni ya wino. Alipata tatu. Ya kwanza ilikuwa vidole vitatu tu juu ya ukingo wa kidonda, na sauti yake ilikuwa ndiyo kali kuliko zote.

Kila nukta ilikuwa perforeta, yaani mshipa unaopenya. Ateri kubwa ya nyuma ya muundi, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, inateremka ndani kabisa, katikati ya misuli. Njiani inatoa vitawi vinavyopanda, vinatoboa utando mgumu unaofunika misuli, kisha vinatawanyika chini ya ngozi. Kimoja kina unene wa milimita moja hivi, sawa na uzi wa kushonea gunia la korosho. Waliopima miguu mingi wameona kwamba vitawi vya ateri hii hukusanyika katika kanda tatu ukihesabu kutoka kifundo: sentimita 4 hadi 9, 13 hadi 18, na 21 hadi 26. Kwa hiyo daktari hakuwa anabahatisha. Alijua mtaa, alikuwa anatafuta nyumba.

Alieleza mpango wake: atakata kipande kirefu cha ngozi ya upande wa ndani wa mguu, kianzie kwenye kidonda kiende juu hadi karibu na goti, akiinue chote, akiache kimeshikwa na mshipa ule mmoja tu. Halafu akizungushe nusu duara, ili ncha iliyokuwa juu ishuke na kulala juu ya mfupa. Akaonyesha pangaboi la wodini lililokuwa likizunguka juu yetu: mshipa ndio ule mhimili wa katikati, ngozi ni panga lake, upande mmoja mrefu, upande mmoja mfupi. Kwenye shavu la mguu wa kijana kulikuwa na kovu la duara, kama shilingi ya zamani. Daktari akauliza ni la nini. "Ekzosi, dokta. Nilipokuwa napakiwa, kabla sijanunua yangu."

Mama alisikiliza yote, akasema hawezi kuweka dole gumba mpaka mjomba wa kijana afike. Kwetu ndivyo ilivyo, na sikuona ubaya. Mjomba alifika saa tisa alasiri kutoka Newala, mzee wa kanzu na baragashia, akaketi kwenye benchi, akaelezwa. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu," akamwambia daktari, "unataka kutoa ngozi penye uzima uipeleke penye ubovu. Yakiharibika, tutakuwa na ubovu sehemu mbili."

Daktari alijaribu kueleza ateri, na vena zinazorudisha damu. Mzee alikuwa na adabu lakini hakuwa amekubali. Mimi nimezaliwa Newala, nikamwomba daktari ruhusa, nikapiga goti karibu na benchi.

"Shikamoo mjomba. Unakumbuka kuteremka kuchota maji bondeni?"

"Marahaba. Nitasahauje? Mama yako na wenzake wametembea na ndoo kichwani usiku kucha."

Tambarare ya Makonde haina mto. Mchanga unanywa mvua yote. Maji tunayokunywa juu kule yanasukumwa kwa pampu kutoka visima vya bondeni, Mitema, na bomba kuu likishapanda linagawa matawi ya kwenda vijijini. Nikamwambia: mjomba, mguu huu una bomba kuu, liko chini kabisa, na dokta haligusi. Kutoka bomba kuu linapanda tawi moja kuja kwenye ngozi hii. Dokta amelisikia kwa masikio yake, na wewe utalisikia. Akishalijua tawi, anaweza kuihamisha bustani upande wa pili wa njia, kwa sababu bomba lake halijakatwa. Na pale penye uzima panapobaki wazi pana msuli hai chini yake. Hapo ndipo ngozi ya paja itashika.

Daktari akampa ile dopla mkononi. Mzee akaiweka kwenye nukta mwenyewe, akasikiliza shuu, shuu, shuu, macho ameyafumba. Akasema, "Maji yapo." Mama akaweka dole gumba.

Usiku ule, tukipanga vifaa, daktari alinisimulia jinsi ujuzi huu ulivyochelewa kuzaliwa, na baadaye niliusoma mwenyewe. Mwaka 1889, kabla hata eksirei haijagunduliwa, kijana aliyekuwa anasomea utabibu Strasbourg, Carl Manchot, alichapisha ramani ya mishipa inayolisha ngozi ya mwili mzima, aliyoichora kwa kupasua maiti. Mwaka 1936 Mfaransa Michel Salmon akaifanya upya kwa msaada wa eksirei. Mwaka 1987, huko Australia, Ian Taylor na John Palmer wakahesabu: mwili una wastani wa perforeta 374 zenye unene wa nusu milimita au zaidi. Lakini wapasuaji walikuwa na mazoea. Walipotaka ngozi ya tumbo kwa ajili ya kuunda titi, waliichukua pamoja na msuli wa tumbo, wakiogopa kwamba bila msuli ngozi itakufa. Mwaka 1989 Wajapani wawili, Isao Koshima na mwenzake Soeda, wakaonyesha kwamba ngozi ya tumbo inaweza kuchukuliwa msuli ukabaki mahali pake, mradi mshipa unaoupenya msuli umefuatwa kwa uangalifu hadi kwenye asili yake. Mjapani mwingine, Hyakusoku, mwaka 1991 akaeleza flapu inayozungushwa kama propela, kwa ajili ya viwiko na makwapa yaliyokunjamana kwa makovu ya moto. Miaka iliyofuata wengine wakayaunganisha mawazo hayo mawili: propela juu ya perforeta moja.

Mimi nilipoyasikia nilifikiria watu wetu. Anayelima kwa jembe, anayekwea mnazi, anayevuta nyavu pale feri, ukimwondolea msuli umemwondolea riziki. Kumwachia msuli wake na kuchukua ngozi tu ni jambo kubwa.

Upasuaji ulifanyika siku ya tano. Nilisimama pembeni, nikaona mambo ambayo sikuyatarajia. Mpira wa kubana paja ulifungwa, lakini mguu haukukamuliwa damu yote kwanza kama tulivyozoea. Uliinuliwa tu kidogo, ili mishipa ibaki na damu ndani ionekane. Daktari alivaa miwani ya kukuza. Akakata ukingo mmoja tu kwanza, akaingia chini ya ule utando mgumu, akaanza kuinua ngozi polepole akitafuta nukta zake. Hakuwa amekata upande wa pili, kwa sababu kama mshipa ungekutwa mbovu angeirudisha ngozi mahali pake na kutafuta njia nyingine. Alipoufikia aliniita nisogee. Ulikuwa uzi mwekundu unaodunda, na kando yake nyuzi mbili za buluu zenye kuta laini, vena zake.

Kilichomchukua muda mrefu kuliko yote ni kuusafisha uzi ule. Kila utepe mdogo wa utando ulioushika aliukata, hadi ukawa huru kwa sentimita kadhaa. Mshipa ukibaki umeshikwa na utepe mmoja, alisema, ngozi ikizungushwa hapo ndipo utakaponyongwa. Kisha akalegeza mpira wa paja, akamwagia mshipa maji ya chumvi ya uvuguvugu, tukangoja robo saa bila kugusa kitu. Ngozi ile ndefu ilikuwa imelala imeshikwa na uzi mmoja. Pembeni zake zikaanza kutoa damu nyekundu, hadi kwenye ncha. Ndipo akaizungusha, kwanza kuume, akatazama, akairudisha, akaizungusha kushoto, akachagua upande uliousokota mshipa kidogo zaidi. Akashona bila kuvuta. Pale ngozi ilipotoka akabandika ngozi ya paja.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Flapu ikitoka thieta, maisha yake yako mikononi mwa nesi. Saa 24 za kwanza inatazamwa kila saa. Mguu umeinuliwa, bandeji haikazwi, dirisha limeachwa kwenye bandeji ili ngozi ionekane, mgonjwa hapati baridi, hapungukiwi maji, na sigara hairuhusiwi hata ya ndugu. Vitabu vinasema tazama rangi: ikipauka, ateri imeziba, ikiwa ya zambarau, vena imeziba. Vitabu hivyo vimeandikwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Juu ya ngozi ya Mmakonde, usiku, kwa taa ya wodi, rangi inakuja kuonekana wakati umeshachelewa. Nilichojifunza ni kutumia mkono. Mgongo wa kiganja unajua joto. Ncha ya kidole inajua ulaini: flapu yenye uzima ni laini kama shavu la mtu, flapu isiyopata damu inalegea kama mpira uliotoka upepo, na flapu isiyoweza kutoa damu inakaza na kujaa.

Saa nane usiku umeme ulikatika. Nikawasha tochi ya simu nikaenda kuigusa. Ilikuwa imekaza. Saa moja kabla ilikuwa laini. Nikachukua sindano ndogo nikachoma kidogo tu: tone likaja papo hapo, jeusi kama maji ya zambarau. Damu ilikuwa inaingia, kutoka haitoki. Ukuta wa vena ni mwembamba kuliko wa ateri, kwa hiyo mshipa ukisokotwa au ngozi ikivimba, vena hunyongwa kwanza huku ateri ikiendelea kusukuma.

Nilimpigia daktari simu. Alikuwa amefikia Shangani, hapahapa mjini. Hakuniuliza kama nina hakika, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema, "Sista, toa nyuzi tatu karibu na inapogeukia, inua mguu zaidi, nakuja." Nilizitoa mama wa kijana akinishikia simu ya kumulika, mkono wake hautikisiki. Daktari alipofika alitoa nyuzi nyingine mbili. Nikachoma tena kila baada ya dakika 15. Saa kumi usiku tone lilikuja baada ya sekunde moja hivi, jekundu. Nilikaa chini sakafuni nikalia, na mama akakaa karibu nami.

Haikupona yote. Ncha ilikufa upana wa vidole viwili, ikawa nyeusi, ikakatwa baada ya wiki mbili. Lakini chini ya ncha ile kulikuwa na nyama, si mfupa, na ngozi ya paja ikashika. Nayaandika haya kwa sababu upasuaji huu si muujiza. Ncha kufa na vena kuziba ni mambo yanayojulikana, na kuna majeraha makubwa ambayo propela haiwezi kuyafunika, yanayohitaji ngozi ya mbali kukatwa kabisa na mishipa yake kuunganishwa upya kwa darubini.

Lakini muda ni wa wote. Marko Godina, mpasuaji wa Ljubljana, Slovenia, alichapisha mwaka 1986 matokeo ya wagonjwa 532 aliowaunganishia flapu kwa darubini. Kwa waliofunikwa ndani ya saa 72, flapu zilizokufa hazikufika 1 kwa kila 100. Kwa waliofunikwa baada ya hapo hadi miezi 3, zilikufa 12 kwa kila 100. Mwaka huohuo Godina mwenyewe alikufa katika ajali ya gari. Huwa namfikiria kila pikipiki inapoletwa na mtu wake.

Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita kama 560. Mgonjwa akianza kutafuta nauli, ndugu wa kumsindikiza na barua ya rufaa, saa 72 zinapita akiwa bado kitandani petu. Flapu niliyoiona haikutumia darubini kubwa. Ilitumia dopla ya mkononi, miwani ya kukuza, mikono iliyofundishwa, na manesi wanaoamka. Nataka mikono hiyo ifundishwe na ibaki huku, Mtwara na Lindi, mwaka mzima, isiwe ya siku 6. Na nataka siku ya kwanza, anapoandikiwa vyuma, mgonjwa aandikiwe pia nani atafunika mfupa na lini.

Mfupa wa kijana uliunga mwezi wa nane, vyuma vikatolewa. Mwezi uliopita alikuja kliniki na mama yake, anatembea kwa kuchechemea kidogo, amevaa ndala. Tulipoukunjua mguu wa suruali, mama aliinama akaweka kidole juu ya kovu la ekzosi. Lilikuwa limeshuka kutoka shavu la mguu, limekaa juu ya kifundo, limegeuka juu chini. Ngozi iliyolizunguka ilikuwa laini na ya moto.